Vazi la hekaluni na joto la Kisumu: mnavaaje, na mnaanika wapi?

#1 MamaWawili_Nyalenda
Hamjambo. Wanaojua wanisaidie, wasiojua waulize kwa heshima.

Mimi ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hapa Kisumu. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, na wiki chache baadaye mimi na mume wangu tukapanda basi la usiku tukaenda. Tangu siku ile navaa vazi la hekaluni, nguo nyeupe ya ndani ya vipande viwili, cha juu kama fulana na cha chini kama bukta inayofika magotini. Niliweka agano nikijua ninachofanya na sijajuta hata siku moja.

Taabu ni mwili. Nina kibanda cha chakula chenye majiko mawili ya makaa, na kufikia saa kumi na moja alfajiri nimeshawasha. Saa sita mchana nina vazi, juu yake dera, juu ya dera aproni. Jasho linaanzia shingoni, linashuka, linatuama chini ya matiti na pale lastiki inapobana kiuno. Sasa nina vipele vyekundu vinavyozunguka kiuno chote kama alama ya mtu aliyefungwa kamba. Usiku najikuna mpaka mume anaamka kuuliza kuna nini.

La pili ni kuanika. Ploti yetu ina nyumba kumi na kamba mbili tu, katikati ya uwanja, mbele ya kila mlango. Vazi hili tumefundishwa tusiliweke ovyo machoni pa watu wasiolielewa. Kwa hiyo naanika ndani, kwenye kamba niliyofunga nyuma ya pazia la kitanda.

Hivi vipele ni vya kitambaa, ni vya sabuni au ni hili joto letu? Na nikilivua nikiwa jikoni, nikalivaa tena jioni, nimevunja agano?

#2 Kijana_Kondele
Nauliza bila ubaya. Ninyi ndio Wamormoni? Wale vijana wa shati jeupe na tai wanaotembea wawili wawili? Nilipokuwa mdogo tuliambiwa wana chupi ya uchawi inayozuia risasi.

#3 Mwalimu_Lanet
Kijana, umeuliza bila ubaya, nakujibu bila ubaya. Tangu 2018 rais wetu wa wakati huo, Russell M. Nelson, alisisitiza tuitwe kwa jina kamili la kanisa na hilo la "Wamormoni" liachwe. Na maneno "chupi ya uchawi" yanauma. Sema "vazi".

Siri kubwa hakuna. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilitoa video, vazi likaonyeshwa, kila mtu aone. Soma Mwanzo 3:21, Bwana Mungu aliwafanyia Adamu na mkewe mavazi ya ngozi akawavika. Vazi letu linakumbusha hilo, pamoja na ahadi ambazo mtu ameweka hekaluni. Anayelivaa ni mtu mzima aliyepokea endaumenti, yaani ibada ya hekaluni ya kuweka maagano, sio kila anayekuja kanisani Jumapili.

Mama Wawili, mimi niko Nakuru na baridi ya Lanet asubuhi inanifanya nishukuru kuwa nalo. Kwa hiyo kuhusu joto sina la kukufundisha.

#4 Nesi_Kakamega
Mama Wawili, pole. Mimi si wa kanisa lenu, lakini ngozi naijua.

Kuna harara na kuna fangasi. Harara ni vipele vidogo vinavyochoma, vinatokea ukipata joto na vinatulia ukipoa. Fangasi hukaa kwenye mikunjo, chini ya matiti, kinenani, katikati ya mapaja. Ngozi inakuwa nyekundu na mbichi, pembeni kuna vipele vimejitenga kama visiwa, wakati mwingine ina harufu. Dawa ya moja si dawa ya nyingine. Nenda kliniki uangaliwe kabla hujanunua tyubu yoyote kwa duka la dawa. Ikiwa ni fangasi na inarudi kila mara, pima na sukari.

Na tafadhali usijipake poda hapo. Ikikutana na jasho inakuwa uji.

#5 Fundi_Kibuye
Mimi nashona. Mama amesema vipele vinazunguka kiuno chote, kama kamba. Nesi anaongea joto na fangasi, lakini joto halichori mstari. Mstari unachorwa na lastiki. Hiyo bukta ni ndogo kwako. Ukivaa lastiki inayobana saa kumi na nne kwa siku, ikiwa na jasho, hata mtoto wa miaka mitano itamtoa vipele. Niletee, natoa lastiki nzima, naweka ya upana wa vidole viwili, laini. Kazi ya nusu saa.

#6 Mwalimu_Lanet
Fundi, hapo pagumu. Tumeagizwa tusilibadilishe vazi, tusilikate wala kulipunguza ili lifuate mtindo wa nguo za nje. Sijui kama kubadilisha lastiki kunahesabiwa humo. Mimi nisingethubutu. Aagize saizi kubwa zaidi.

#7 Fundi_Kibuye
Sikusema nifuate mtindo, nimesema mama apumue. Lakini sawa, yenu mnayajua wenyewe.

#8 Bibi_wa_Ahero
Mwanangu wa Nyalenda, nakusalimu.

Sisi tulipokea vazi hili wakati hekalu la karibu lilikuwa Johannesburg. Mliopanda basi la usiku mkafika Nairobi asubuhi hamjui tulivyohangaika na pasipoti, na nauli ya kuchanga miaka mitatu. Mume wangu aliuza ng'ombe wawili. Siku niliyolivaa mara ya kwanza nililia, na tangu hapo nimelima mpunga Ahero nikiwa nalo, maji magotini, jua la saa nane utosini. Vipele nilipata. Vikaja, vikaisha. Mwili unazoea.

Kitu kimoja tulichofundishwa na akina mama waliotutangulia ni kwamba vazi ndilo linaloanza kugusa ngozi, sidiria inakuja juu yake. Usianze kubadilisha utaratibu kwa sababu ya jasho.

#9 Dada_Section58
Bibi, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo la sidiria nimelibeba miaka mingi na sitaki mwenzangu alibebe. Mwongozo wa kanisa unasema wazi kwamba kuvaa nguo nyingine ya ndani juu ya vazi au chini yake ni uamuzi wa mtu mwenyewe. Niliusoma kwa macho yangu baada ya kunyonyesha mtoto wa pili.

Nisimulie kidogo. Nilikuwa na maziwa yanayovuja, chuchu zimepasuka, na kitambaa kikiganda kwenye kidonda. Kukivua ilikuwa kama kubandua plasta kila baada ya saa tatu. Nilikaa hivyo wiki mbili nikidhani ndivyo imani inavyotaka. Kisha mama mmoja wa Muungano wa Usaidizi, jumuiya ya akina mama wa kanisa letu, akanitembelea, akanikuta nalia, akauliza, "Kwani sidiria umeivaa wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa akasema, "Ivae ndani, weka pamba, juu yake vaa vazi." Siku tatu nilikuwa mtu mwingine. Kumbe kuna hata vazi lililoshonwa kwa ajili ya wanaonyonyesha, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Mama Wawili, lako ni la kitambaa gani? Chungulia lebo. Mimi lile la kuteleza, la poliesta, lilinipa maambukizi ya mkojo mara mbili kwa mwaka. Nilipohamia pamba tupu yakakoma. Na hapa ni Nakuru kwenye baridi, sembuse Kisumu.

#10 MamaWawili_Nyalenda
Nimechungulia. Sita zote ni zile za kuteleza. Nilizichagua kwa sababu zinakauka haraka nikianika ndani.

Bibi, asante kwa salamu na kwa hao ng'ombe wawili. Nimesoma nikawaza.

#11 Kijana_Kondele
Nilikuja kuuliza habari ya risasi, sasa najua habari za kunyonyesha. Mwalimu, nimesikia, vazi. Lakini bado hamjanijibu. Linakinga au halikingi?

#12 Mzee_wa_Njoro
Kijana ameuliza swali la haki. Mimi ni mpenda historia, niongee kidogo.

Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa letu, alianzisha endaumenti mjini Nauvoo, jimbo la Illinois, Mei 1842. Vazi la wakati huo lilikuwa kipande kimoja, mikono hadi kwenye viganja, miguu hadi kwenye vifundo, lina kola na linafungwa kwa kamba. Mwaka 1923 viongozi wakaruhusu mikono ifike kwenye kiwiko, miguu ifike chini kidogo ya goti, kola iondoke, vifungo vichukue nafasi ya kamba. Vipande viwili vilikuja 1979. Kwa hiyo anayesema vazi halijawahi kuguswa tangu mwanzo hajasoma.

Sasa risasi. Juni 27, 1844, Joseph na ndugu yake Hyrum waliuawa na genge la watu wenye silaha katika jela ya Carthage. Ndani ya chumba kile walikuwa wanne. Wazee wetu walisimulia kuwa ni Willard Richards peke yake aliyekuwa amevaa vazi, na ndiye aliyetoka bila jeraha la maana. Hapo ndipo imani ya kinga ya mwili ilipopata nguvu. Lakini Desemba 1845 wenzao walipokutana kulizungumzia, mmoja wao alieleza kwamba Joseph alimwambia sababu mojawapo ya kulivua. Ilikuwa joto.

Joto, Mama Wawili. Tena joto la Illinois.

#13 Mwalimu_Lanet
Mzee, ongeza kuwa wa nne alikuwa John Taylor, naye hakuwa amelivaa, akapigwa risasi kadhaa na akaishi mpaka akawa rais wa kanisa. Mimi hufundisha kwamba kinga ni ya kiroho. Linamkumbusha mtu yeye ni nani anapokaribia kukosea.

#14 Bibi_wa_Ahero
Mwalimu, fundisha unavyofundisha. Mimi mwaka mmoja matatu ya abiria ilipinduka karibu na daraja la Ahero nikiwa ndani. Nilichubuka mikono na uso. Palipofunikwa na vazi hapakuwa na hata mkwaruzo. Sikusomea historia, lakini mwili ulikuwa wangu.

#15 Fundi_Kibuye
Bibi, Mungu ashukuriwe.

Kuna jambo nimekumbuka. Wateja wangu wa zamani hapa Kisumu ni Masingasinga, familia zilizokuja na reli. Nao wana nguo ya ndani ya imani, kachera, bukta pana ya pamba inayofungwa kwa kamba kiunoni. Ni moja ya vitu vitano ambavyo Singasinga aliyebatizwa hatengani navyo, na inatokana na Guru Gobind Singh, 1699. Nimeshona nyingi. Daima pamba, daima pana, na haina lastiki. Sijawahi kusikia mteja akilalamika vipele. Sisemi dini ya nani ni bora. Nasema kitambaa na upana.

#16 Nilitoka_Milimani
Nimesoma kimya, niseme langu. Nilikuwa muumini miaka sita, nikaondoka. Sikuja kutukana, nina ndugu waliobaki na nawapenda.

Mnaongea pamba na lastiki. Kwangu vazi lilinilemea kwa sababu nyingine. Kila baada ya miaka miwili nilikuwa nakaa mbele ya kiongozi kwa mahojiano ya kibali cha kuingia hekaluni, na mojawapo ya maswali ni kama navaa vazi kama nilivyoelekezwa. Mwanamume wa rika la baba yangu ananiuliza kuhusu nguo yangu ya ndani. Najua swali limeandikwa, hakulitunga yeye, na aliniuliza kwa adabu. Lakini kila mara nilitoka pale nimejikunja moyoni. Nilikuwa na maambukizi yasiyoisha na sikuweza kumwambia, kwa sababu ningeanzia wapi?

Mama Wawili ameuliza kama kulivua jikoni ni kuvunja agano. Hebu tazameni, mwanamke mzima mwenye majiko mawili na watoto anaomba ruhusa ya watu asiowajua ili apoe.

#17 Bibi_wa_Ahero
Mwanangu wa Milimani, maneno yako yamenichoma, lakini sikukatai. Swali lile huulizwa kila mtu, mume kwa mke. Mimi hujibu "ndiyo" na tunaendelea. Pole kwa maambukizi. Laiti ungemwambia mama mmoja.

#18 Nilitoka_Milimani
Nilimwambia mmoja, Bibi. Aliniambia mwili unazoea.

#19 Dada_Section58
Turudi kwa swali lake, jibu lipo. Mwongozo unaruhusu kulivua kwa yale yasiyowezekana ukiwa nalo, kuogelea kwa mfano. Unasema lisivuliwe kwa shughuli zinazoweza kufanyika kwa kawaida ukiwa umelivaa. Kupika kunawezekana. Kupika mbele ya majiko mawili Kisumu na kiuno chenye vidonda, hapo mimi nasema ni yeye na Mungu wake. Mumewe hahusiki, na mimi sihusiki.

#20 Mwalimu_Lanet
Dada, tahadhari kidogo. Aprili 2024 viongozi wetu walirudia kwa mkazo kwamba vazi livaliwe mchana na usiku, maisha yote. Hawakurudia bure. Nahofia leo ni jiko, kesho ni harusi, keshokutwa limekaa sandukuni.

#21 Nesi_Kakamega
Mwalimu, ngozi iliyopasuka haisubiri keshokutwa. Mgonjwa wa ngozi akija kwangu namwambia apate hewa. Kama kanisa lenu lina nafasi ya ugonjwa, itumieni.

#22 Jirani_Manyatta
Niongee kama jirani. Kwenye ploti yetu kulikuwa na familia ya kanisa hili na hatukuwahi kuona nguo zao za ndani kambani. Watu wakaanza kunong'ona. Kuna aliyesema wana kitu wanaficha, kuna aliyesema ni mambo ya shetani. Nina haya kusema kwamba niliwakataza wanangu kucheza na wao.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Tuliokuwa watu wazima miaka ya tisini tunakumbuka tume ya kuchunguza ibada za shetani iliyoundwa na Rais Moi 1994. Ripoti ilipotoka 1999, kanisa hili lilitajwa pamoja na Mashahidi wa Yehova kama mlango wa kuingilia mambo hayo. Watu walisikia redioni na wakaamini. Ile familia ilihama kabla sijawaomba msamaha.

Mama Wawili, huenda unachokificha nyuma ya pazia ndicho kinachowapa majirani maneno.

#23 Mzee_wa_Njoro
Umefanya vyema kulitaja. Na ni ajabu, kwa sababu nchi hii imejaa mavazi ya imani. Akorino wa huku kwetu na vilemba vyao vyeupe, Legio Maria na kanzu zao huko kwenu. Tofauti ni kwamba wao wanavaa nje, kila mtu anaona na kuzoea. Sisi tunavaa ndani, mtu anajaza mwenyewe.

#24 Kijana_Kondele
Mimi nina wazo la kipumbavu labda. Mama anaanika ndani. Nyalenda nyumba ni ya mabati, dirisha moja, usiku mnalala wanne. Nguo inakauka kweli au inakuwa na unyevu tu? Shati langu la kazi likikauka ndani linanuka ukungu, na nikilivaa nawashwa mgongo mzima.

#25 Nesi_Kakamega
Kijana, wazo lako si la kipumbavu hata kidogo. Hilo ningeuliza la kwanza na sikuuliza. Nguo yenye unyevu ikivaliwa kwenye mikunjo ya mwili, fangasi hawaondoki hata upake dawa ya bei gani. Jua na pasi ya moto.

#26 Fundi_Kibuye
Bado nasema lastiki.

#27 Dada_Section58
Na mimi bado nasema poliesta.

#28 MamaWawili_Nyalenda
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Maji nanunua kwa mtungi wa lita ishirini, kwa hiyo nasuuza mara moja tu. Huenda na sabuni inabaki, mniongezee hiyo kwenye orodha.

Kijana, nimeenda kushika ile ya jana nyuma ya pazia. Mguu umekauka. Pindo la kiunoni, ndani ya lastiki, bado baridi.

#29 Mwalimu_Lanet
Mama, kuna jambo ambalo nilipaswa kuanza nalo badala ya kukuhubiria. Oktoba 2024 lilitangazwa vazi jipya la juu lisilo na mikono, pamoja na shimizi kwa akina mama badala ya ile bukta. Vilikusudiwa nchi za joto na unyevu, vikaanza kuuzwa kwetu Afrika na kwingineko kabla ya Marekani, ambako walingoja mpaka mwisho wa 2025. Mke wangu analo la juu. Muulize anayeagizia tawi lenu, na uombe pamba, saizi moja zaidi.

#30 Bibi_wa_Ahero
Bila mikono? Na shimizi? Miaka yote hii mpungani.

Mwanangu, agiza. Na mimi niagizie moja.

#31 Nilitoka_Milimani
Bibi, nitakulipia hilo la kwako. Niandikie kando.

#32 Jirani_Manyatta
Kuhusu kamba, mama yangu alikuwa anaanika nguo zake zote za ndani chini ya leso. Unatandika nguo kambani, juu yake unatupa leso, unabana pande zote mbili na vibanio. Jua linapita, upepo unapita, jicho halipiti. Ploti nzima ilikuwa inafanya hivyo na hakuna aliyeuliza chini kuna nini.

#33 MamaWawili_Nyalenda
Nimefanya hivyo leo, leso mbili. Jirani wa nyumba namba nne alipita akaniambia, "Leo umefua mengi." Nikamwambia ndiyo. Akaendelea na ndoo yake.

Kliniki nakwenda kesho. Kuhusu kulivua jikoni bado sijaamua. Leo nililivaa mpaka saa sita, likaniuma, nikaingia ndani nikakaa kitandani nalo nikaomba, kisha nikarudi kukaanga samaki.

Mawingu yametanda upande wa Nandi. Naenda kuanua.

#34 Dada_Section58
Ukianua, shika pindo la kiunoni kwanza, utuambie.